Chumvi ya kupima (sehemu ya 6)

Mama kijacho, leo hebu angalia kopo lako la chumvi. Mimba yangu ya kwanza, na unesi wangu wote, nilikuwa nanunua ya kupima mnadani hapa Kongwa, gunia liko wazi juani. Bei rahisi, mlenda unakolea, basi. Siku moja mama mkwe akanishika shingo: "Mwanangu, hii nini?" Aibu! Miezi mitano ilishapita, na kliniki nafundisha wenzangu.

Tezi ya shingo hutengeneza homoni kwa madini joto, na ubongo wa mtoto tumboni unaitegemea homoni hiyo. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ifunike, itie chakula kikikaribia kuiva. Shingo ikivimba, njoo upimwe, usijiongezee chumvi tu.