Nilimwambia asubiri siku zake

Mzazi akiniuliza habari za uzazi wa mpango, kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja: maliza arobaini, ukiona siku zako, njoo kliniki. Nililisema wodini, nikalisema tena watoto walipoletwa kupimwa uzito. Mimi ni mkunga niliyesomea kazi hii, na jibu lile lilikuwa kosa.

Yai huweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi, hivyo anayesubiri kuona damu anaweza kushika mimba kabla ya kuiona hiyo damu. Kunyonyesha kunakinga, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya tu bila kupewa kitu kingine, na hedhi haijarudi. Huku kwetu pwani, Mapinga hadi Mlingotini, wengi huonjeshwa uji mapema, kwa kuwa mama amesharudi kwenye mwani au samaki. Hayo nilikuwa nayaona kila siku.

Kuna mama mmoja aliyeniomba: "Nesi, niwekee kijiti niende nacho." Nilikataa, nikiamini kitamkausha maziwa, nikamwambia asubiri siku zake. Alirudi ana mimba, na mtoto mgongoni hajasimama dede, amedhoofu. Ukweni walikuwa wameshamwambia kambemenda mtoto, yaani kamdhoofisha kwa kutojizuia akiwa bado ananyonyesha. Mwanamke aliyeshutumiwa hivyo huku pwani hukwepa hata kwenda kisimani. Lawama ile ilikuwa yangu, akaibeba yeye, nami nikamwandikia kadi mpya ya ujauzito bila kumwomba radhi. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma zaidi.

Kijiti hakikaushi maziwa. Tangu 2015 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu anayenyonyesha awekewe mara tu anapojifungua. Kitanzi nacho kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48, hata pale pale kondo likishatoka. Sindano, kwa anayenyonyesha, mwongozo huo uliitaka isubiri wiki 6. Na baada ya kujifungua, shirika hilo linashauri kukaa angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Wakunga wenzangu, yazungumzeni haya tangu kliniki ya wajawazito, mama akiwa ametulia na mume akiweza kusikia, si wakati wa uchungu. Akikataa, mwacheni, uamuzi ni wake. Nawe mama, ukitaka njia, iombe kabla hujatoka wodini. Ukiambiwa usubiri siku zako, omba kuonana na mhudumu mwingine. Katika vituo vya serikali huduma hii ni bure.