Udongo wa asumini ya mwali wetu



Harusi ya mwali wetu ilikuwa ifanyike Saadani mwezi wa Disemba, nasi tukaazimia kwamba asumini ya kikuba chake itoke uani kwetu. Tukaanza Januari. Lakini mchanga wa pwani mnaujua: umwagilie asubuhi, adhuhuri mkavu.

Mmoja wetu akaja na mfuko wa udongo wa kuoteshea kutoka Ulaya, mweusi na mwepesi. Kumbe ni piti, udongo unaochimbwa kwenye vinamasi vya huko. Hujijenga kama milimita 1 tu kwa mwaka, na ukichimbwa hutoa hewa ya ukaa iliyofungika humo kwa maelfu ya miaka. Tukatazamana. Kinamasi cha watu kichimbwe kwa ajili ya vikopo vyetu vya maua, na sisi minazi imetuzunguka?

Tukachukua vumbi la makumbi lililobaki baada ya kupiga usumba wa kamba, tukajaza vikopo, tukachomeka vijiti 40. Wiki ya tatu majani yakaungua pembeni. Havikubaki hata vitatu. Mama wa mwali alinyamaza tu, na kimya chake kilituuma.

Bibi akachota vumbi kidogo, akaonja, akatema. "Chumvi tupu! Wanangu, mmepanda baharini." Kweli, makumbi yale yalifukiwa pwani miezi mingi yalainike, yakanywa maji ya bahari.

Tulitaka kuacha. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha tuupande mche ulio mkononi hata Kiama kikiwa kimefika, sembuse harusi ya Disemba?

Vumbi jingine tukalitia kwenye mapakacha, tukayaacha nje masika yote. Kisima chetu kina chumvichumvi, kwa hiyo tuliiachia mvua ya Mola ioshe. Kila baada ya mvua kubwa tulionja, mpaka chumvi ikaisha.

Kisha tukachanganya: makopo 2 ya vumbi, 1 la samadi ya mbuzi, 1 la mchanga. Vumbi hushika maji, ila lina chakula kidogo. Chakula kinatoka kwenye samadi. Nayo iwe imeoza sawasawa, kwani mbichi huunguza mizizi. Udongo wa msituni hatukuugusa, maana Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005.

Tusiwadanganye, dada zetu: Disemba maua hayakutosha. Yetu yalijaza kiganja kimoja, mengine tulinunua. Lakini bibi aliyapanga yale yetu katikati ya kikuba, pamoja na rehani, na mama wa mwali akalia kwa furaha.

Mwali alipopelekwa kwa mumewe, vikopo 6 vilimfuata pamoja na sanduku lake. Wewe unayetarajia kuolewa, anza na makumbi ya jikoni kwenu leo. Yaoshe, uyasubiri.

Allah azitie baraka nyumba zenu na ardhi zenu. Amin.