Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Nani Alipe?

Je, umewahi kufanya kazi mwezi mzima, kisha siku ya mshahara ukaambiwa, "Njoo kesho"? Mjomba wangu aliimbiwa wimbo huo kwa miezi sita. Alikuwa bawabu wa ghala moja huko Rangwe, kaunti ya Homa Bay, kwa mshahara wa Sh12,000 kwa mwezi. Asubuhi moja tajiri wake alitoweka, simu ikazimwa.

"Mpwa wangu, wewe umesoma," aliniambia. "Serikali haiwezi kunilipa, kisha imtafute yeye?"

Nilidhani anaota. Kumbe la! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mwajiri akifilisika, mfanyakazi anaweza kumwandikia Waziri, naye alipwe kutoka hazina ya NSSF. Mshahara unaolipwa ni wa miezi isiyozidi sita. Kwa kila mwezi, kiwango cha juu ni Sh10,000 au nusu ya mshahara, kutegemea kilicho kikubwa. Nilipiga hesabu haraka: Sh60,000!

Niliposoma tena, furaha iliniisha. Kutoroka si kufilisika. Lazima mwajiri awe amethibitishwa kisheria kuwa amefilisika. Sasa, bawabu wa Rangwe atamfuata tajiri kortini kwa nauli gani? Hapo ndipo ninapoona kasoro. Anayelala njaa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba aliyemnyima chakula hana kitu.

Mjomba alikuwa tayari kukata tamaa. "Hata barua ya kazi sikupewa," alisema. "Sina kesi."

Hapo alikosea, na huenda wewe pia unakosea kama yeye. Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kesi ikifika kortini naye asiutoe, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unamwangukia yeye. Isitoshe, mjomba alikuwa na daftari la zamu: kila usiku, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tulilipeleka ofisi ya leba, Homa Bay, mapema, kwa kuwa madai ya namna hii yana kikomo cha miaka mitatu.

Bado hajalipwa, msomaji. Lakini leo madai yake yamo katika faili, si katika manung'uniko ya kijiweni.

Nawe unayesoma haya ukinywa chai ya Jumapili, usimlaani tajiri wa Rangwe kabla ya kutazama jikoni kwako. Yule msichana aliyekuandalia chai hiyo, mshahara wake wa mwezi uliopita umempa? Au naye umemwambia, "Ngoja kesho"?