Poka ya simu na poka ya mezani si mchezo mmoja

Wasee, kuna ubishi umenichosha: ati poka ya simu na poka ya kasino ni kitu kimoja, tofauti ni nauli tu. Zii. Nimecheza zote mbili. Karata ni zile zile 52, sheria ni zile zile za Texas Hold'em, lakini mchezo ni mwingine kabisa. (Kama hujafika miaka 18, hii ni ya kusoma tu. Mlangoni hawatakuingiza.)

Tuanze na mwendo, kwa sababu pesa inapotelea hapo. Kwa meza ya ukweli dila anachanganya karata, anagawa, mzee mmoja anafikiria dakika nzima, mwingine anaangusha chipu zake (za kuchezea, si zile za kula na kuku) na lazima ziokotwe. Kwa saa moja mnacheza raundi 25, labda 30. Kwa simu hakuna wa kungojwa. Meza moja inakupa raundi 60 hadi 80 kwa saa, na programu nyingi zinakubali ufungue meza nne kwa mpigo. Piga hesabu. Jioni nzima ya kasino, saa tatu usiku hadi saa saba, simu inaimaliza kabla matatu ya Rongai haijatoka vizuri tao.

Na mwenye meza hukata chake. Iwe kasino, iwe mtandao, anachukua kipande cha pesa zilizoingia katikati. Mtandao hukata kidogo kuliko kasino kwa kila raundi, na watu wanaona hiyo ni bei poa. Lakini kidogo mara raundi mia tatu si kidogo. Ni kama kununua kredo ya mbao mbao mwezi mzima halafu unashangaa doo ilienda wapi.

Halafu kuna hii ya kuongeza pesa. Mezani ukiishiwa na chipu, unatoa noti mbele ya watu wanane. Kuna kaaibu hapo. Niliona mzee wa suti akihesabu noti zake mara mbili, akazirudisha kwa koti, akaaga watu vizuri na kwenda. Kwa simu ni kubonyeza PIN ya M-Pesa, uko kitandani, saa tisa usiku, na hakuna anayekuangalia. Mimi naona aibu ni breki nzuri sana, na simu imeing'oa.

Cuzo wangu hakubali. "Wewe unaongea hivyo juu una doo ya kasino," ananiambia. Na ana pointi bana. Kukaa tu mezani ni elfu kadhaa, bado teksi ya usiku, soda ya bei ya ajabu, na kitu kidogo cha dila. Simu inakubali hata mwenye soo moja. Mwanafunzi anayengoja HELB hana biashara kasino. Ila hiyo soo moja yake, nimeiona ikirudi mara nane kwa usiku mmoja.

Kitu sijaskia wanaume wakiongelea: mimi ni dem. Kwa simu mimi ni jina la kubuni na picha ya paka. Nikiongeza dau, watu wanafikiria dau, basi. Mezani siku ya kwanza jamaa wa kushoto aliniuliza nimekuja na nani. Wa kulia akaanza kunieleza, polepole, kama anafundisha mtoto kufunga kamba za viatu, ati karata tano za aina moja zinaitwa flashi. "Asante sana," nikamwambia. Wanaamini dem hawezi kudanganya kwa karata, kwa hivyo nikisukuma chipu mbele wanaona lazima niko na kitu. Usiku huo nilichukua raundi tatu nikiwa sina karata yoyote ya maana. Dharau yao ilinilipia teksi. Lakini inachosha, manze. Kuna siku nataka tu kuwa paka.

Wenye kutetea simu huniletea Chris Moneymaker. Sawa. Huyo mhasibu wa Tennessee aliingia kwa shindano dogo la mtandaoni la dola 86, likampeleka World Series of Poker ya 2003 Las Vegas, akashinda dola milioni 2.5. Raundi inayokumbukwa zaidi lakini ni ile alimkazia Sam Farha, uso kwa uso, akiwa hana kitu, na Farha akatupa karata zilizokuwa bora. Hiyo haikuwa meza ya simu. Kulikuwa na macho, na kunyamaza.

Kwa simu hujui hata kama kuna macho. Januari 2017, programu inaitwa Libratus ilipiga wataalamu wanne katika raundi 120,000 huko Pittsburgh. 2019 nyingine, Pluribus, ikaweza meza ya watu sita. Hizo zilikuwa utafiti wa wazi, kila mtu alijua anacheza na mashini. Ile iko kwa meza yako haitajitambulisha. Na 2007 kulikuwa na ile kashfa ya Absolute Poker, akaunti ikiona karata za wenzake. Niwe mkweli, waliomshika ni wachezaji wenyewe, kwa kuchambua rekodi za raundi. Mezani rekodi kama hizo hungepata.

Na ukienda kasino uliza kwanza. Kuna meza zimeandikwa poka lakini unacheza na kasino yenyewe. Hapo hakuna wa kudanganya, dila anafuata sheria tu.

Mimi sasa naenda mezani mara moja kwa mwezi, na noti nilizohesabu nikiwa nyumbani. Kwa simu nimebaki na chipu za bure. Shida ni kwamba hakuna anayeogopa kupoteza kitu cha bure, kwa hivyo kila mtu anasukuma zote raundi ya kwanza. Huwezi mdanganya mtu kama huyo. Cuzo anasema hiyo ndiyo poka tamu.