Chuchu ya Mpira na Uwongo Wangu

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wazazi, nao wajua kwamba kumwachisha mtoto ziwa ni kazi ya mama. Lakini siku hizi kuna kitu kingine cha kuachishwa, kisichotoka kwa mama bali dukani: ile chuchu ya mpira ambayo mtoto hutiwa kinywani ili anyamaze. Nataka kueleza yaliyonipata mimi, huenda yakamfaa mwenzangu.

Sisi twakaa Voi. Mke wangu ni mwalimu, nami ni karani wa serikali. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 humpa mama mzazi likizo ya miezi mitatu, na baba majuma mawili. Miezi ya mke wangu ilipokwisha alirudi shuleni, na mtoto wetu akabaki na yaya. Alilia sana, nami nikaenda dukani nikanunua chuchu ile. Mara akanyamaza. Nyumba ikatulia, nami nikaweza kufanya hesabu za ofisi mezani hata usiku. Nikajiona nimefanya jambo la akili.

Alipotimiza miaka miwili na nusu, hakuweza kulala wala kucheza bila kitu hicho, na maneno yake yalisikika nusu nusu, maana alisema nacho kinywani. Tukampeleka kwa mganga wa meno. Huyo alimwambia mtoto aume meno, kisha akatuonyesha kwamba meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani, pana mwanya. Hakutulaumu kwa kumpa chuchu alipokuwa mchanga, ila alisema kwamba ikinyonywa mpaka miaka mitatu na kupita, huweza kuharibu mpango wa meno, na tena watoto waitumiao sana huugua masikio mara nyingi kuliko wenzao. Tukimwachisha mapema, mara nyingi mwanya hujifunga wenyewe. Alitushauri tuipunguze kidogo kidogo: kwanza iwe ya usiku tu, halafu basi.

Mimi sikuwa na subira. Jioni ile ile niliificha chuchu katika mfuko wa koti langu la ofisini, nikamwambia mtoto kwamba kunguru ameichukua. Aliniamini. Kwa siku tatu alisimama chini ya mwarobaini ulio uani, akiwaita kunguru wamrudishie kitu chake. Majirani walicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Siku ya nne alitia mkono katika mfuko wa koti langu akitafuta peremende, akaitoa chuchu yake. Hakulia. Alinitazama tu, kisha akaitia kinywani akaenda zake. Tangu siku ile, kila nilipomwambia asubuhi, "Nakwenda kazini, nitarudi," alinishika mguu akapiga kelele, maana neno langu halikuwa na thamani tena kwake.

Wakati huo mama yangu alishuka kutoka milima ya Taita kuja kututazama. Nikamwambia, "Mama, nipatie shubiri niipake chuchu hii, kama mlivyokuwa mkipaka ziwa zamani."

Akaniuliza, "Mwanangu, aliyepaka shubiri ziwani alikwenda wapi baada ya kupaka?"

Nikasema, "Hakwenda mahali."

Akasema, "Ndivyo. Alibaki pale pale, akimbeba mtoto mgongoni na kulala naye. Mtoto alinyimwa ziwa, hakunyimwa mama. Wewe wataka kupaka shubiri, kisha urudi kwenye madaftari yako."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Chuchu ile nilisema ni ya mtoto, kumbe ilikuwa yangu mimi, ya kuninunulia utulivu. Basi niliacha kazi za ofisi zibaki ofisini. Nilimwambia mtoto waziwazi kwamba kunguru hakuchukua kitu, ni mimi niliyeficha, na kwamba nimekosa. Sijui alielewa kiasi gani. Tukafuata shauri la mganga: mchana chuchu ilikaa ndani ya kopo juu ya rafu, naye aliliona kopo, usiku alipewa. Baada ya majuma mawili tukaiondoa na usiku. Mimi na mke wangu tulipokezana kukaa kitandani pake, tukimsimulia habari za sungura na fisi mpaka usingizi umchukue. Usiku wa kwanza alilia karibu saa nzima, wa pili na wa tatu vile vile. Usiku wa nne aliniambia, "Baba, fisi tena," akalala bila kuiulizia.

Sasa ni miezi mitano, na ule mwanya wa meno umeanza kupungua. Lakini kila asubuhi nikivaa koti, mtoto huja akapekua mifuko yangu yote miwili kwanza, ndipo huniacha niende. Nami husimama kimya nikangoja amalize. Mtoto huachishwa chuchu kwa siku chache. Uwongo wa baba huchukua muda mrefu zaidi kumtoka moyoni.