Nasaba ya Mjusi

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii aliikariri tangu shule ya msingi binti mmoja wa Kisauni, Mombasa, ambaye sasa amepanga chumba Kahawa Wendani, karibu na chuo anakosomea. Hakuwahi kuitilia shaka hadi jioni moja ambapo mama mboga, huku akimkatia sukuma wiki, alimwuliza kwa wema: "Dada, kwenu hasa ni wapi?" Akajibu ni Kisauni. "Huko ndiko mnakoishi. Kabila lenu je?"

Hakuwa na jibu. Ukoo wake ulianzia Frere Town, makazi yaliyoasisiwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini. Bibi yake alimsimulia kwamba mzee wao wa kwanza alifika akiwa mtoto, akapewa jina la ubatizo, na lile la kwao likapotea. Walijua tu kuwa alitoka Nyasa, na Nyasa ni nchi pana.

Usiku ule mjusi kafiri alikuwa ukutani, akivizia nondo penye taa. Binti akakumbuka aliyosoma kuhusu spishi moja ya mijusi hao. Ilipewa jina la kisayansi, Hemidactylus mabouia, mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi, ilhali huko ni wageni. Mwaka 2021 wataalamu walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mijusi kutoka sehemu zaidi ya 120 za Afrika, Madagaska na nchi za joto za Amerika. Kanuni yao si ngumu. Vinasaba hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo penye tofauti nyingi ndipo palipokaliwa muda mrefu, na wahamiaji hubeba sehemu ndogo tu ya tofauti hizo. Ikadhihirika kuwa waliodhaniwa spishi moja huenda ni spishi 20, chimbuko lao likiwa ukanda wa Zambezi. Ni moja tu kati yazo iliyofika Amerika, yamkini ndani ya merikebu za biashara ya watumwa.

Basi mjusi amekwisha kutafutiwa kwao, na wajukuu wa abiria wenzake wangali wanauliza. Yeye pia angeweza kupeleka mate yake maabara. Vinasaba vingemwonyesha ukanda. Visingemrudishia jina la mtoto yule.

Hapo ndipo alipoitazama methali upya. Kuacha ni tendo la hiari. Mtoto yule hakuacha asili yake, alinyang'anywa. Je, methali inayomhukumu mwachaji ina neno lolote kwa aliyenyang'anywa?

Kesho yake alirudi kibandani. "Mama, jana uliniuliza kabila," alisema. "Sisi ni watu wa Frere Town. Mzee wetu aliletwa na jahazi, na aliyemteka hakumwuliza kwao."

Mama mboga aliweka kisu chini. "Keti," alisema, "unieleze."