Macho ya Mama Katika Mkanda wa Video

Siku ya Iddi mwaka jana, nyumbani kwa mdogo wangu jijini Dar es Salaam, tuliketi kumtazama mama. Alifariki mwaka 2009, na katika uhai wake wote alirekodiwa akighani mara moja tu: usiku wa kumuaga dada yetu, Tanga, mwaka 1997, siku mbili kabla ya harusi. Mama hakuwa malenga wa vitabuni. Mashairi yake aliyatunga kichwani, akayasema, yakapita. Lililosalia ni hilo moja, beti saba, katika mkanda wa video.

Mdogo wangu alikuwa amenunua runinga bapa ya inchi 55. Akachomeka flashi, na mama akatokea akiwa mnene kuliko alivyokuwa, uso wake ukiwa viraka viraka. Sauti ilikuwa yake. Uso haukuwa wa mtu. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka sita, akanigeukia.

"Baba mkubwa, mbona bibi hana macho?"

Hakuna aliyemjibu. Baada ya kitambo dada akasema, "Mkanda umechakaa," na sote tukakubali ili tuweze kula. Mimi niliondoka pale na kinyongo. Nilikumbuka tulivyoutazama mkanda uleule mwaka 1997, sebuleni Tanga, na mama alikuwa na macho. Tuliyaona hata yalipoanza kulengwa na machozi katika ubeti wa tano, akajikaza, akaendelea.

Neno "kuchakaa" ndilo lililonikera kwanza. Nguo huchakaa, mkeka huchakaa, na mkanda wa sumaku nao huchakaa. Lakini tulichokitazama siku ile hakikuwa mkanda. Kilikuwa nakala ya tarakimu ndani ya flashi, na nakala ya namna hiyo haififii kama rangi ya nguo. Wala umri peke yake si sababu. Casablanca ni sinema ya mwaka 1942, nayo huonekana safi katika runinga za leo, kwa kuwa ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ambayo imebeba mambo madogo madogo mengi kuliko runinga yoyote ya zamani ilivyoweza kuyaonyesha. Filamu hiyo inaweza kunakiliwa upya kila mashine bora inapopatikana. Itakuwaje basi usiku wa 1997 uonekane mkongwe kuliko sinema iliyoutangulia kwa zaidi ya nusu karne? Nikaanza kuwauliza mafundi.

Mtaani runinga za zamani tunaziita "TV za chogo", na sijakuta jina zuri zaidi katika vitabu. Ndani ya chogo lile mlikuwa na bomba la kioo lililorusha mkondo wa elektroni. Mkondo huo uliupiga uso wa ndani wa kioo, uliopakwa unga unaong'aa unapoguswa, ukachora picha mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, toka juu hadi chini. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao Afrika Mashariki, mistari ilikuwa 625, na iliyobeba picha yenyewe ni 576. Kila mstari ulikuwa na kingo laini. Mwanga wake ulimwagikia kidogo jirani yake. Ukali haukuwapo, nao haukutafutwa.

Tena picha haikuchorwa yote kwa mkupuo mmoja. Kwanza ilikuja mistari witiri, wa 1, wa 3, wa 5, hadi chini. Kisha mkondo ukarudi juu na kuichora mistari shufwa iliyorukwa. Nusu 50 kwa kila sekunde, na jicho la mtazamaji likaziunga. Wasomaji wa mashairi hawana haja ya maelezo marefu hapa: ni ukwapi na utao, na anayekamilisha mshororo ni msikilizaji. Lakini kati ya nusu na nusu hupita sehemu moja ya 50 ya sekunde, na mama hakuwa sanamu. Alighani huku akipunga leso. Nusu ya kwanza iliunasa mkono ukiwa hapa, ya pili ikaunasa ukiwa pale.

Runinga bapa haichori hivyo. Nukta zake zote zipo wakati wote, na kila moja hubaki na mwanga wake mpaka iagizwe kubadilika. Ukiipa nusu zile mbili kwa pamoja, kingo za mkono unaosogea hutoka meno kama ya kitana. Ili kuyakwepa meno hayo lazima mtu, au mashine, aamue: azichanganye nusu mbili, akisie kilichomo kati yake, au aitupe moja.

Hapo ndipo nilipomkuta mkosaji, naye ni mimi. Mwaka 2005 niliuchukua mkanda kwa dada nikampelekea kijana mmoja aliyekuwa akirekodi harusi, nikamwomba atutolee nakala katika VCD, ambazo wakati ule zilijaa kila kibanda. Alifanya nilichomwomba. VCD ya mfumo wetu ina nukta 352 kwa 288. Tazama hiyo 288: ni nusu ya 576 kamili. Mistari shufwa yote ilibaki nje. Ni kama kumhifadhi malenga kwa kuandika ukwapi peke yake. Ubeti wa kwanza wa mama ulifunguka hivi: "Nenda mwanangu kwa heri, nyumba yako kaitunze." Ukate utao, umebaki na kwaheri, wasia wote umekwenda.

Na VCD haikuishia kutupa mistari. Ili picha ienee kwenye sahani ndogo, mashine huigawa katika miraba, kisha katika kila mrabba huhifadhi yale makubwa na kuacha yale madogo. Hapa naomba kulisimamia neno jingine la mtaani, "chenga". Tunasema runinga inaonyesha chenga, kwa mfano wa zile punje za mchele zilizovunjika. Mkanda wa VHS ulikuwa nazo daima, lakini kila picha ilikuja na chenga zake, na kwa kuwa picha zilipita upesi, jicho lilizipepeta kama ungo na kubakiza mchele. Mashine ya kubana picha haina ungo huo. Mbele yake chenga na jicho la mtu ni vitu vya aina moja: vidogo, vyeusi, vyenye gharama. Ilipobidi kuokoa nafasi, macho ya mama yalikwenda na chenga.

Ndipo picha hiyo iliyokwisha kupunguzwa ikapelekwa kwenye kioo cha mdogo wangu. Kioo kile kina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. VCD ina 101,376. Kila nukta ya VCD ilitakiwa kujaza nafasi za nukta zaidi ya 80, na zote zilizoongezeka ni za kukisiwa. Hata mkanda wenyewe, ungenakiliwa kwa nukta 720 kwa 576 bila kutupa kitu, kila moja ingejaza nafasi 20. Kioo chenyewe kina eneo takriban mara sita ya ile TV ya chogo ya inchi 21 tuliyokuwa nayo Tanga, ilhali sisi tuliketi umbali uleule. Unene wa mama ulikuwa jambo jepesi: picha ya uwiano wa 4 kwa 3 ilivutwa ijaze kioo cha 16 kwa 9, akapanuliwa kwa theluthi.

Hayo ya kukisia yalinikumbusha miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati zile hazikuwa na herufi za kutosha kwa sauti zetu. I na e zilivaa alama moja, u na o vivyo hivyo, na mara nyingi b ilisimama mahali pa p. Msomaji wa Lamu hakuona upungufu, kwa kuwa neno lilikuwa kinywani mwake kabla halijafika machoni. Mhariri asiyeijua lahaja ndiye huona mapengo, akayajaza kwa alijualo, na shairi likatoka safi na la uongo. Runinga ya kisasa hunoa kingo za picha kwa mtindo huohuo: huona ukungu, hudhani ni kosa, huuchongea mipaka ambayo haikuwapo.

Nilimpigia dada simu nikiwa na hofu ya kuuliza. Mkanda alikuwa nao, kabatini, umefungwa ndani ya khanga. Ilinichukua miezi miwili kumpata fundi mwenye deki inayofanya kazi, na nilimwomba mambo mawili: asitupe mstari hata mmoja, na kila nusu aigeuze kuwa picha yake yenyewe, ziwe picha 50 kwa sekunde. Wapo wanaosema dawa ni kutafuta TV ya chogo, na wapenzi wa michezo ya zamani ya video huzisaka hadi leo. Sikuwa na nguvu ya kubeba moja hadi ghorofa ya tatu.

Tukakusanyika tena kwa mdogo wangu. Kwa rimoti nilirudisha uwiano wa 4 kwa 3, pembeni pakabaki weusi, na nikashusha kile kipimo cha kunoa picha mpaka sifuri. Viti nikavisogeza nyuma hadi ukutani. Sitadai kwamba picha ilikuwa nzuri. Wekundu wa leso bado ulivuka mpaka wa leso, kwa kuwa VHS huhifadhi rangi kwa uchache kuliko hata mwanga. Lakini mkono ulipunga kwa ulaini niliokuwa nimeusahau, na mama alipogeuza kichwa kumtazama mwanawe, macho yalikuwapo. Katika ubeti wa tano dada alishika mkono wangu.

Mtoto aliona pia. Akaichukua rimoti na kuisimamisha picha ili amtazame bibi yake vizuri. Macho yakapotea palepale, vikabaki vivuli viwili vya kijivu.

"Iache iende," nikamwambia.